Boneti Isiyotulia Safarini: Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Dodoma na wilaya zake, na zote zinahusu boneti ya gari la zamani ambayo haikai imefungwa gari likiwa katika mwendo. Nimezijibu kwa mfuatano. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyomo inawahusu pia wasomaji wawili wanaofuata.

Barua ya kwanza

Shikamoo fundi wetu. Ninaishi Nkuhungu na ninatumia Toyota Corolla KE30 aliyoniachia baba. Mwezi uliopita, nikiwa njiani kwenda Morogoro, nilipishana na lori maeneo ya Kibaigwa, na papo hapo boneti ikaruka kidogo na kusimama kwenye ile ndoano ya pili. Niliegesha, nikaibamiza na kuendelea na safari, lakini kabla sijafika Gairo ikafunguka tena. Fundi wa pale njiani alinifungia kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi mpaka nikafika. Tangu wakati huo nimebadilisha springi ya loki, lakini boneti bado inagonga nikipita kwenye rasta. Fundi mwingine ananishauri tukaze loki mpaka mwisho. Je, nikubali? Na kwa nini ilifunguka nilipopishana na lori, ilhali nikizunguka mjini haifunguki?

*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa safari hiyo. Usikubali kukaza loki mpaka mwisho, na sababu yake nitaieleza hapa chini. Kabla ya hapo ningependa tuiangalie ndoano ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuokoa Kibaigwa, na ndiyo sehemu ambayo baadhi ya mafundi huipinda au kuikata kabisa kwa madai kwamba inachelewesha kufungua boneti. Boneti inayofunguka kuanzia mbele, ambayo bawaba zake ziko karibu na kioo cha mbele, ina hatari moja kubwa: loki ikiachia, upepo unaingia chini ya ukingo wa mbele na kuiinua yote hadi ikapige kioo na paa. Kwa ajili hiyo Marekani, katika Kanuni yake namba 113 ya usalama wa magari iliyoanza kutumika mwaka 1969, iliagiza kwamba boneti ya namna hiyo, ambayo ikiinuka humziba dereva asione mbele, iwe na hatua ya pili ya kufungia au loki ya pili inayojitegemea. Watengenezaji waliotaka kuuza magari katika soko lile walilazimika kuitii kanuni hiyo, na ndiyo maana ndoano hii utaikuta katika magari mengi ya miaka ya 1970.

Ijaribu hivi. Gari likiwa limesimama, vuta kebo ya boneti kutoka ndani, kisha nenda mbele, shika ukingo wa boneti kwa mikono miwili na uunyanyue kwa nguvu bila kuigusa ndoano. Boneti inapaswa kugoma. Ikigoma, irudie kazi hiyo huku ukiisukuma kidogo kushoto na kulia, kwa kuwa ndoano iliyopinda inaweza kushika boneti ikiwa katikati na kuiachia ikisogea upande. Baada ya hapo fungua kabisa, sukuma ndoano kwa kidole na uiachie: inapaswa kurudi yenyewe kwa haraka. Ikirudi polepole, au ikibaki pale ulipoisukuma, jua kwamba vumbi limegandamana na grisi kuukuu kwenye kiungo chake au springi yake imechoka, na gari hilo lisipelekwe barabara kuu mpaka jambo hilo litengenezwe. Nasisitiza hili kuliko yote yatakayofuata. Loki kuu inaweza kuchakaa kwa miaka mingi bila madhara ikiwa ndoano ya pili ni nzima, lakini ndoano ikiwa haifanyi kazi, kosa dogo la loki linatosha kukuziba macho katikati ya barabara.

Sasa nijibu swali lako la lori. Nguvu ya upepo unaopiga gari haiongezeki sambamba na mwendo, bali kwa mraba wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hewa inayosimamishwa na bati lililoikabili hulisukuma bati hilo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kati ya kilo 25 na 30 kwa kila mita moja ya mraba, na ukifika kilomita 100 inavuka kilo 40. Boneti iliyofungwa sawasawa haiupati mzigo huo wote kwa sababu upepo huteleza juu yake, lakini iliyoinuka mbele hata kwa upana wa kidole inaanza kuukamata. Lori linalokuja mbele yako linasukuma hewa mbele yake na pembeni, na kwa muda mfupi sana mnapopishana boneti yako hupigwa na upepo mkali kuliko ule wa mwendo wako peke yake, kisha mgandamizo unashuka ghafla baada ya lori kupita. Loki iliyokuwa imeshika nusu huachia katika mshtuko huo. Mjini, ambako kwenye makazi huruhusiwi kuvuka kilomita 50 kwa saa, hali hiyo haitokei.

Ongeza juu ya hayo upepo wetu wa kiangazi. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma nyanda hizi katika miezi ya ukavu unamkabili anayetoka Dodoma kwenda Gairo na Morogoro, na unamsukuma kwa nyuma anayekwenda Bahi na Manyoni. Kwa hiyo gari moja linaweza kwenda Manyoni kimya na likaanza kugonga boneti wakati wa kurudi, na mwenye gari akafikiri kwamba kitu kimeharibika hukohuko Manyoni, kumbe kasoro aliondoka nayo nyumbani.

Tuje kwenye loki yenyewe. Katika magari ya umri wa gari lako zipo namna mbili zinazopatikana zaidi. Ya kwanza ina pini iliyofungwa chini ya boneti, yenye ncha iliyochongoka na mkato shingoni, nayo imezungukwa na springi nene. Pini ikishuka kwenye tundu, kibati kinachoteleza kinaingia kwenye ule mkato na kuishika. Ya pili ina kitanzi cha chuma kwenye boneti, na kwenye paneli ya mbele inayobeba rejeta kuna ulimi unaozunguka na kukikamata. Fungua boneti uangalie yako ni ya namna gani. Kanuni ya zote mbili ni moja: loki inavuta boneti chini, springi na mipira ya pembeni inaisukuma juu, na boneti inatulia kwa sababu pande hizo mbili zinavutana bila kuacha nafasi. Kama mipira ya kwenye kona za mbele imeanguka, imekauka au imesagika, hakuna kinachosukuma juu, na hata loki mpya kabisa itacheza. Nina hakika kubwa kwamba hapo ndipo ugonjwa wa gari lako ulipo, au walau sehemu yake, kwa kuwa umeshabadilisha springi na bado inagonga kwenye rasta.

Ndiyo maana nakataa ushauri wa kukaza mpaka mwisho. Pini ikikazwa kuelekea juu inakuwa fupi. Boneti inaonekana imebana vizuri, lakini kibati kinashika ncha tu ya mkato badala ya kuingia wote. Ukiishika kwa mkono utaridhika, na barabarani itaruka kwenye tuta la kwanza utakalolipita kwa haraka. Zaidi ya hayo, kebo inalazimika kuvuta kwa nguvu isiyo ya kawaida kila unapofungua, na siku moja itakatika ukiwa na injini inayochemka.

Kazi ya kurekebisha inataka subira zaidi ya nguvu, na unaweza kuifanya nyumbani kwa bisibisi, spana mbili na brashi kuukuu ya meno. Anza kwa kuisafisha loki kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kionekane, kwa kuwa vumbi la Dodoma ni jembamba na likichanganyika na grisi huwa tope gumu linalozuia kibati kurudi mahali pake. Ikiwa safi na kavu, chukua bisibisi, ingiza kwenye loki badala ya pini au kitanzi, na usukume chini mpaka usikie inashika. Jaribu kuichomoa kwa nguvu. Isitoke. Kisha vuta kebo, nayo iachie mara moja. Rudia mara kadhaa, na hakikisha loki iko wazi kabla ya kufunga boneti, maana ukifunga boneti juu ya loki iliyokwisha kujifunga utapinda pini.

Kama loki inashika bisibisi kwa kusitasita, ifungue kebo kwenye loki na ujaribu tena bila kebo. Ikishika vizuri sasa, mkosaji ni kebo: imekunjwa mahali, imejaa vumbi ndani ya ala yake, au ilifungwa ikiwa imevutika kiasi kwamba haikiachii kibati kirudi mpaka mwisho. Boneti isifungwe kamwe wakati kebo imetolewa. Nami nashauri kila mwenye gari la zamani afunge waya mwembamba wa akiba kwenye mkono wa loki na kuupitisha chini, mahali ambapo anaufikia akiinama mbele ya gari, ili kebo ikikatika asilazimike kukata grili.

Angalia pia uchakavu. Mkato wa pini uliolika huwa na upande mmoja unaong'aa na ukingo uliolika na kuwa laini, na kibati chake huwa na kishimo pale panapokutana na pini. Kujaza kwa kuchomelea kisha kupiga tupa ni suluhisho la muda mfupi, kwa kuwa moto unaweza kuulainisha ukingo wa chuma ambao unapaswa kuwa mgumu. Pini si kitu cha gharama kubwa. Kama dukani haipatikani, mpelekee fundi wa kukereza vyuma ile ya zamani kama mfano, na umwombe aichonge kwa chuma kigumu, si nondo.

Linganisha pini na tundu lake. Paka grisi kidogo au chaki iliyolowa kwenye ncha ya pini, shusha boneti polepole mpaka iguse, kisha inyanyue uangalie alama. Alama ikiwa katikati ya tundu, loki iko mahali pake. Ikiwa pembeni, legeza bolti za loki na kuisogeza mpaka pini ishuke bila kugusa ukuta. Corolla iliyowahi kugongwa mbele na kunyooshwa mara nyingi ina kasoro hapa, kwa sababu fundi wa bodi alipima boneti kwa macho, kwa kuangalia mianya ya pembeni, bila kujali pini inaangukia wapi. Kama bolti zimefika mwisho na alama bado iko pembeni, chunguza bawaba: shika kona ya boneti iliyo karibu na kioo na uitikise. Ikicheza hapo, bushi za bawaba zimeisha, na hakuna marekebisho ya loki yatakayodumu.

Mwisho wa kazi ni mipira. Ishushe yote kwanza, funga boneti, na urekebishe kina cha pini mpaka boneti ilingane na mabawa (mabati ya juu ya magurudumu) ya pande zote mbili na loki ishike kwa mlio mmoja ulio wazi. Pini yenye uzi wa milimita 8 kwa kawaida hupanda au kushuka milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nusu mzunguko kila mara inatosha. Kisha pandisha mipira kidogo kidogo. Kipimo changu ni kipande cha karatasi: kiweke juu ya mpira, funga boneti, ukivute. Kikitoka bila kuzuiwa, pandisha mpira. Kikikatika, umepandisha mno. Kikitoka kwa kusuasua, acha hapo na uende upande wa pili. Kaza nati zote za kushikilia, chora mstari wa rangi kati ya pini na nati ili siku ikilegea uione kwa macho, na upake grisi nyepesi kidogo sana kwenye viungo. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka kwa sababu ni ya bure, ina unga wa chuma na huvuta vumbi, usiitumie.

Kuhusu ule ukanda wa mpira, ulikufikisha na tunashukuru, ila usiuzoee. Mpira unavutika, na boneti inayoweza kuinuka sentimita mbili mbele imeshaukaribisha upepo. Likikukuta tena, tumia mkanda wa kufungia mizigo usiovutika, uupitishe kwenye chuma kinachoshikilia bampa na si kwenye plastiki ya grili, na uende kwa mwendo wa mjini mpaka kwa fundi.

Na kama boneti itawahi kukuinukia mbele ya macho, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili uendelee na mstari uliokuwa nao, na ukanyage breki kwa upole. Inama: katika magari mengi, kati ya ukingo wa chini wa boneti iliyoinuka na dashibodi pana upenyo unaoonyesha barabara, na kama haupo, chungulia kwa dirisha lako. Washa taa za tahadhari na utoke barabarani upande wa kushoto. Breki ya ghafla ni hatari kubwa zaidi ya boneti yenyewe ikiwa nyuma yako kuna basi. Tahadhari nyingine ni kioo: magari mengi ya zamani yana kioo cha mbele kisicho na utando wa kati, ambacho kikipigwa na boneti humwagika chote kwa pamoja kikiwa punje ndogo, hivyo usikimbilie kupangusa kwa mkono. Weka pembetatu nyuma ya gari. Boneti iliyopinda isirudishwe kwa kugongwa na jiwe; fungua bolti za bawaba, itoe, na uendelee polepole bila boneti.

Barua ya pili

Ndugu fundi, salaam. Mimi ni mstaafu, ninaishi Mpwapwa na nina Land Rover Series III ya mwaka 1976 ambayo huitumia kwenda shambani na mara moja moja Dodoma mjini. Tairi la akiba liko juu ya boneti, na siku zote nimeamini kwamba uzito wake unaifunga boneti zaidi. Hata hivyo boneti inapiga kelele kwenye barabara ya vumbi, na majuzi niliikuta loki imefunguka nilipofika. Je, niongeze kufuli?

*Msomaji, Mpwapwa*

Jibu

Shikamoo mzee wangu. Kwanza nikupongeze kwa kulitunza gari hilo. Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na zinazoendelea kufanya kazi ya shamba mpaka leo zinastahili heshima.

Uzito wa tairi, pamoja na rimu yake, unaweza kuvuka kilo 30, na ni kweli kwamba gari likiwa limesimama unaikandamiza boneti chini. Barabarani mambo hubadilika. Gari likipita kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, boneti yote inarushwa juu na kuvutwa chini mara nyingi kwa kila sekunde, na tairi lililo juu yake linaongeza uzito wa kila pigo. Likishuka, linagonga mipira na paneli ya mbele. Likipanda, linavuta pini ya loki kwa nguvu ambayo boneti tupu isingeweza kuwa nayo. Kwa hiyo tairi hilo linaichosha loki na bawaba kuliko kitu kingine chochote katika gari lako. Kiwandani lilikubalika kuwekwa hapo, lakini kwa boneti iliyoimarishwa na kwa loki mpya.

Loki ya gari lako haina kebo ya kwenda dashibodi. Inafunguliwa kwa mkono pale mbele, na hilo ni jema kwa kuwa kuna sehemu chache za kuharibika. Angalia pini na springi yake iliyo chini ya boneti. Pini hiyo ina uzi, na nati yake ya kushikilia hulegea kwa mtikisiko mpaka pini ikajizungusha yenyewe na kubadilisha kina chake. Kumbuka kwamba bolti nyingi za gari hilo ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia itakata kona za nati, na hapo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku nzima. Baada ya kurekebisha kina kama nilivyomweleza msomaji wa Nkuhungu, weka washa ya springi chini ya nati, au nati nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kisha kagua bati pale pini ilipofungwa. Boneti yako ni ya alumini, na tundu la bolti kwenye alumini linapanuka taratibu chini ya chuma kinachotikisika. Ukiona nyufa ndogo zinazotoka kwenye tundu kama miale, usiongeze kufuli, kwa kuwa kufuli litashika bati linalokatika. Weka sahani ya chuma upande wa ndani, pana kuliko sehemu iliyochoka, na katikati yake na alumini uweke karatasi ya mpira au rangi nzito ili vyuma hivyo viwili visigusane na kulana wakati wa masika.

Maoni yangu ni kwamba tairi uliteremshe. Series zilikuwa pia na nafasi ya kulibebea nyuma, na kama nyuma kumejaa mizigo ya shamba, lifunge ndani kwa mkanda mpaka utakapopata kibebeo cha mlango wa nyuma, ukikumbuka kwamba mlango huo nao una bawaba za kuangaliwa. Kama ni lazima libaki juu, hakikisha nati zake zote zimekazwa, maana tairi lenyewe likilegea juu ya boneti linapiga kelele inayofanana sana na ya boneti iliyolegea, na watu wengi wamebadilisha loki bure kwa kosa hilo.

Barua ya tatu

Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Kongwa na nina Volkswagen Beetle ya miaka ya 1970. Boneti ya mbele haishuki mpaka mwisho tangu nilipobadilisha mpira wake wa kuzunguka, na nina hofu itafunguka. Nimeona magari ya mashindano yana pini mbili za nje zenye klipu. Je, nifunge hizo, au mkanda wa ngozi kama wa magari ya zamani ya Kiingereza?

*Msomaji, Kongwa*

Jibu

Habari ni njema, mwalimu. Injini yako iko nyuma, na chini ya hiyo boneti ya mbele kuna buti na tangi la mafuta, lakini bawaba zake ziko upande wa kioo, kwa hiyo hatari ya kuinuliwa na upepo ni ileile. Usitoboe chochote kwanza. Katika Beetle, mpira wa kuzunguka unafanya pia kazi ya kuisukuma boneti juu dhidi ya loki, na mipira ya siku hizi isiyo ya kiwandani mara nyingi ni minene au migumu kupita kiasi. Angalia kama umekaa sawasawa kwenye mfereji wake, hasa kwenye pua ya mbele karibu na loki, ambako ukikunjika kidogo tu boneti inagoma kushuka. Kama umekaa vizuri, paka unga wa talki, uuache ulale siku chache gari likiwa limefungwa na limeegeshwa juani, kisha upime tena. Ukibaki hivyohivyo, tafuta mwembamba zaidi. Usirefushe pini ya loki ili ishinde mpira mbaya, wala usiendeshe kwenda Dodoma kabla loki haijashika kikamilifu.

Baada ya hapo, ukitaka pini za nje kwa utulivu wa moyo, sikukatazi. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, zinadai kwamba boneti ya gari la mashindano iwe na walau vifungio viwili vya ziada, kila kimoja kikiwa kimeonyeshwa kwa mshale mwekundu au wa rangi inayoonekana, ili waokoaji wavione haraka. Vifungio hivyo ni vya ziada. Katika gari la barabarani loki ya asili na ndoano yake vibaki vinafanya kazi. Mkanda wa ngozi ninaupenda kwa macho, lakini ngozi inalegea ikilowa, na vumbi linaloingia chini yake husaga rangi mpaka bati.

Pini zikae mbili, moja kila upande wa pua, mbali na loki kadiri umbo la bati linavyoruhusu, kwa kuwa pini moja ya katikati huacha kona zikitetemeka. Fundi azifunge kwanza kwenye bodi, apake chaki kwenye ncha zake, ashushe boneti ili alama zenyewe zionyeshe mahali pa kutoboa, na aweke sahani ya chuma chini ya bati kila upande. Kingo za matundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Klipu zifungwe kwa waya laini kwenye bodi ili zisianguke na kupotea, nawe uziangalie kabla ya kuwasha gari, kwa kuwa pini isiyo na klipu haishiki chochote.